Barua ya wazi kwa Mjomba: watemi wa Bavaria na haki ya kila mwana

Shikamoo, Mjomba.

Ulisema kwamba watawala wa Ujerumani ya zama za kati waliikatakata nchi yao vipande kwa ujinga. Naomba nikupinge kwa heshima, maana ninavyoona mimi, waliigawa kwa kutafuta haki.

Kufikia karne ya 13, utemi ulikuwa umegeuka kutoka dhamana ya mfalme na kuwa mali ya ukoo, na katika mali ya ukoo kila mwana alikuwa na fungu lake. Hati ya Dhahabu, sheria ya dola ya mwaka 1356, ilizuia kugawanywa kwa nchi za wakuu waliokuwa na kura ya kumchagua mfalme, lakini watemi wa Bavaria, nchi ya kusini mwa Ujerumani, wa ukoo wa Wittelsbach, hawakuwa na kura hiyo. Basi mwaka 1392 ndugu watatu, Stephan, Friedrich na Johann, waligawana: mmoja Ingolstadt, mwingine Landshut, wa tatu München. Mafungu yalipangwa ili mapato yakaribiane, ndiyo maana nchi ya Ingolstadt ilitawanyika, nyingine ikiwa kando ya mto Danubi na nyingine mbali kusini, huko Kufstein na Kitzbühel milimani.

Balaa lilikuja tawi lilipokosa mrithi wa kiume. Tawi la nne la ukoo huo, la Straubing, lililokuwapo kabla ya mgao wa 1392, lilizimika mwaka 1425, na nyumba zilizobaki zikaanza kuvutana: je, urithi ugawanywe kwa nyumba au kwa vichwa? Mwaka 1429 Mfalme Sigismund aliamua ugawanywe kwa vichwa. Nyumba zilikuwa tatu, lakini watemi walikuwa wanne, kwa kuwa München ilikuwa na ndugu wawili, Ernst na Wilhelm. Hivyo nyumba moja ikaondoka na nusu nzima. (Hapo, Mjomba, hata wazee wa kwetu wangekesha barazani.)

Vita vibaya zaidi vilizuka baada ya Georg wa Landshut kufariki mwaka 1503 bila mtoto wa kiume. Alikuwa amemwachia nchi binti yake Elisabeth na mumewe Ruprecht, kinyume cha mapatano ya ukoo, na Albrecht wa München akaidai. Elisabeth na Ruprecht walifariki wote wawili mwaka 1504, vita vikiendelea. Mwaka 1505 Maximilian, mfalme na msuluhishi, alimpa Albrecht sehemu kubwa, wana wa Elisabeth na Ruprecht wakapata utemi mpya wa Neuburg, naye mwenyewe akajichukulia Kufstein, Kitzbühel na Rattenberg.

Mwaka 1506 Albrecht aliweka sheria kwamba mzaliwa wa kwanza wa kiume pekee ndiye atakayerithi utemi. Alipofariki, mwanawe mdogo Ludwig aliikataa kwa hoja kwamba yeye alizaliwa kabla sheria haijawekwa. Akapewa sehemu ya utawala na kukaa Landshut hadi alipofariki mwaka 1545, bila kuoa.