Diwani hakupiga hata simu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mimi, kama Waswahili wengi huku Uingereza, natunza wazee katika makao ya kulelea wazee. Machi 2020 ukaguzi wa kawaida wa makao hayo ulisimamishwa, na mwezi huohuo hospitali zikaagizwa kuwaruhusu wagonjwa watoke upesi ili vitanda vipatikane. Kwetu waliletwa usiku, hawajapimwa korona, nasi tumejifunga mifuko ya taka badala ya aproni.

Wengi wa wazee wetu hulipiwa na halmashauri, na madiwani wana kamati ya kuhoji huduma hizi. Tangu Aprili 2020 waliruhusiwa kukutana kwa video. Hatukupigiwa simu na hata mmoja. Ilikuja fomu tu: vitanda vingapi viko wazi? (Vilikuwa vingi. Hawakuuliza kwa nini.)

Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba serikali ilivunja sheria kwa kutozingatia hatari ya wagonjwa wasioonyesha dalili. Hiyo ni serikali kuu. Halmashauri yetu je? Itoe kumbukumbu za vikao vya kamati ile, tusome nani aliuliza nini.

Mtunza wazee,
Uingereza