Kaka, ulimsifu mke wa mtu mwingine

Shikamoo kaka.

Simu zangu hupokei na ujumbe wangu unausoma kisha unanyamaza, basi nakuandikia hapa. Wasomaji wengine wataniwia radhi. Ya nyumbani sitayaeleza, wewe unayajua.

Nina neno kuhusu siku niliyokupeleka Dunnottar, ile ngome ya kale huku Uskoti. Ulifurahi, nakiri. Ulisema hujawahi kuona ngome iliyokaa vile, juu ya jabali la karibu mita 50, bahari pande zote isipokuwa ukanda mwembamba wa ardhi. Tukateremka zile ngazi, tukapanda tena hadi langoni, wewe unahema, mkoba wako nimeubeba mimi. Sikulalamika. Ulikuwa mgeni wangu.

Ndani nikakusimulia. Charles wa Pili alitawazwa kuwa mfalme wa Uskoti mahali paitwapo Scone, Januari 1651, huku jeshi la Cromwell, jenerali wa Kiingereza, likiiteka nchi. Taji, fimbo ya kifalme na upanga vikafichwa Dunnottar, kwenye ngome ya ukoo wa makabaila wa Keith. Septemba ikazingirwa. Gavana George Ogilvy, na watu wachache mno, alishikilia mpaka Mei 1652, mizinga ikamshinda. Maadui walipoingia, taji hawakuliona.

Lilikwishatoka. Christian Fletcher, mke wa mchungaji wa Kinneff, kijiji cha jirani, ndiye aliyevitoa vitu vile. Wako wanaosema alivipitisha katikati ya mizigo, mbele ya askari. Wengine wanasema viliteremshwa kwa kamba hadi kwa mtumishi wake, aliyekuwa chini akijifanya anaokota mwani. Mumewe akavizika chini ya sakafu ya kanisa, na usiku mmoja mmoja wakivifukua kuviotesha moto visiharibike na unyevu. Hivyo hivyo mpaka mfalme aliporudi kutoka uhamishoni, 1660.

Ukapiga kofi. "Huyu ndiye mwanamke!" Ukataka nikupige picha palepale.

Kaka, nilikutazama usoni nikitafuta hata dalili. Kikapu cha dagaa hukukikumbuka? Baba wadogo wamekaa barazani wakiingoja hati ya shamba, na wifi akawapita na kikapu kichwani, akawaamkia mmoja mmoja?

Halafu siku ya arobaini ya mama, wazee wote wapo, unasimama kwenye jamvi: "Hati hii nimeilinda mimi." Wakakuombea dua ndefu. Wifi alikuwa uani anapakua pilau, na dirisha lilikuwa wazi. Mimi nilikuwa naye. Hakusema kitu, aliendelea kupakua. Hilo ndilo lisilonitoka.

Nilikumalizia hadithi makusudi. Ogilvy alipewa cheo. John Keith, kitinda mimba wa nyumba ile, ambaye uvumi ulienezwa kwamba amevipeleka Ufaransa kwa mfalme, baadaye alifanywa Lodi wa Kintore. Christian, Bunge lilimwandikia merki 2,000, sarafu ya Uskoti ya zamani, mwaka 1661, basi. Wakubwa wakagombania sifa miaka na miaka. Ukanijibu, "Dunia ndivyo ilivyo," ukauliza chai inauzwa wapi.

Nakushauri kama mdogo wako: Idi hii waite wazee walewale, sema jina lake. Usiseme "sisi". Na usiniambie mimi niko mbali sijui shida zenu. Ada ya wakili ilitoka wapi? Nilifanya zamu za usiku hapa Aberdeen, wakati wa baridi, na stakabadhi zote ninazo. Sitaki kuombewa dua kwa hilo. Ingawa, ukweli, hata mimi hukunitaja.

Hata hivyo nakupenda, na dawa yako ya presha usiache kumeza. Zile picha ulizoniomba nimekwishazituma, lakini kwenye simu ya wifi. Hadithi ya Christian nimemsimulia yote, mpaka zile merki. Akicheka atakwambia kwa nini.