Msuluhishi aitwe kabla mipaka haijachorwa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ugomvi wa maji, ardhi na misitu, na jinsi tunavyosubiri watu waumizane ndipo tutafute usuluhishi.

Niliwahi kukaa katika kikao cha watu waliokuwa wakigombea mfereji mmoja. Asubuhi nzima ilikwisha kwa kuvutana: wa juu wanadai maji ni yao, wa chini vilevile. Msuluhishi akaliweka kando suala la mwenye haki, akauliza: "Maji mnayahitaji saa ngapi?" Kumbe wa juu humwagilia jioni, jua likishapoa, wa chini hunywesha mifugo kabla ya adhuhuri. Hasira zikaanza kushuka palepale, ingawa kupanga zamu na kukubaliana nani ashike ufunguo wa lango la mfereji kulichukua vikao vingine vinne.

Mahakama ingempata mshindi, na aliyeshindwa angerudi kuishi kando ya mfereji uleule akiwa na kinyongo.

Wapo wanaodhani njia hii inafaa ugomvi mdogo tu. India na Pakistan, pamoja na uhasama wao wote, zilijadiliana tangu 1952, Benki ya Dunia ikiwa kati, hadi zikatia saini mkataba wa kugawana maji ya mto Indus na mito inayoingia humo mwaka 1960. Mito 3 ya mashariki ilikwenda India, 3 ya magharibi Pakistan, na zikatafutwa fedha za kuijengea Pakistan mifereji mbadala. Bila fedha hizo sidhani kama wangeelewana. Mkataba ulistahimili vita vya 1965 na 1971. India ilitangaza kuusimamisha mwaka 2025, baada ya zaidi ya miongo sita.

Kinachoniuma ni watu kuitwa mezani uamuzi ukiwa umeshapita. Ramani imeshabandikwa ukutani, mwendesha kikao analipwa na upande mmoja, wananchi wanapitishiwa karatasi ya mahudhurio wasaini. Kisha inatangazwa kwamba wameshirikishwa!

Wapanga miradi wamtafute mapema msuluhishi anayekubalika kwa pande zote. Vipimo vya maji vichukuliwe kwa pamoja, kila upande uone kwa macho yake. Wanaochota maji na wanaochunga wawe na sauti kikaoni, hata kama hawana hati ya ardhi. Na saini ya mahudhurio isihesabiwe kuwa ridhaa.

Msomaji wako