Yule wa kitanda cha chini

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Barua yako sijaijibu, najua, na usininunie; hii nayo siyo jibu lake. Nina neno limenikaa kooni tangu Jumapili.

Nilikuwa napiga pasi. Binti yangu yuko chumba cha pili, anasikiliza hotuba kwenye simu, sauti juu kama kawaida yake. Nikamsikia mwanamke mmoja akisimulia kwamba alianza kutunga hadithi akiwa na miaka 7, na wahusika wake wote walikuwa wazungu wenye macho ya buluu, wanacheza kwenye theluji na kula matufaha. Mwenyewe amekulia Nsukka, Nigeria, theluji hajawahi kuiona! Ila vitabu alivyovisoma vilitoka Uingereza na Marekani, akajua ndivyo vitabu vinavyokuwa. Nikacheka peke yangu. Unazikumbuka insha zetu? Kila msichana tuliyemtunga alikuwa na nywele za kupeperushwa na upepo.

Kumbe ndiye Chimamanda Ngozi Adichie, yule mwandishi wa riwaya. Hotuba yenyewe aliitoa Oxford mwaka 2009, haifiki dakika 20, na anazungumzia hatari ya hadithi moja tu: mtu akisimuliwa kwa jambo moja, kila siku lile lile, mwisho anageuka kuwa jambo hilo. Alipokwenda Marekani kusoma, mwenzake wa chumba akamwomba amsikilizishe muziki wa kikabila. Akamtolea kanda ya Mariah Carey.

Angeishia hapo ningerudi kwenye pasi yangu. Malalamiko ya namna hiyo tunayo sote. Kilichonizimisha pasi ni Fide, kijana wa kazi wa nyumbani kwao. Mama yake Adichie hakuwa na la kumwambia bintiye kuhusu Fide ila kwamba kwao ni maskini. Mtoto akibakiza chakula, anakumbushwa akina Fide. Siku moja wakaenda kijijini kwa kina Fide, wakaonyeshwa kikapu kizuri chenye nakshi, kilichosukwa kwa nyuzi za kutiwa rangi. Kaka yake Fide ndiye aliyekisuka. Adichie akapigwa na butwaa: hakuwahi kufikiri kwamba yeyote katika nyumba ile anaweza kutengeneza kitu. Hapo nilimpenda, maana alijitia na yeye kizimbani.

Nimeshaazima riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 2003. Kuna baba mmoja mle nilitaka nimchukie nimalizane naye. Mwandishi amekataa kunirahisishia. Baba huyo analipia karo watoto wa watu, gazeti lake linaisema serikali ya kijeshi bila woga, kisha nyumbani anammwagia bintiye maji ya moto miguuni, huku mwenyewe akilia. Ilibidi nikifunge kitabu kidogo.

Sasa neno lenyewe. Yule wa bweni letu, wa kandambili zilizoshonwa kwa waya. Tulimwachia sabuni, tukamwachia na daftari, tukajiona tuna roho nzuri. Tangu Jumapili najaribu kukumbuka jambo jingine lolote kumhusu: wimbo alioupenda, kilichomchekesha, hata somo aliloliweza. Sina. Nina kandambili tu, na ule waya.

Wewe ulilala juu yake miaka miwili, kitanda kimoja cha ghorofa. Haiwezekani hakuwa akizungumza taa zikishazimwa. Niandikie alikuwa akisema nini.

Wako wa siku zote.