Kwa nini tunakusomea maradhi ya ng'ombe kabla hujatoa pesa

Jumamosi iliyopita mteja kutoka Maramba alifika bandani kwetu, Pongwe, kumtazama Tausi, ng'ombe wa maziwa tunayemuuza. Akamzunguka mara mbili, akampapasa mgongo, akachungulia kiwele. Kisha tukampa kadi ya ng'ombe asome. Aliisoma hadi mwisho, akaikunja, akanirudishia.

"Kaka, wewe unauza ng'ombe au unamsema?"

Kadi yenyewe ilikuwa imeandikwa hivi: chotara wa Frisiani, amezaa mara tatu. Aliugua ndigana kali baada ya mzao wa kwanza, akatibiwa mapema, akapona. Mzao wa pili kondo la nyuma lilikawia kutoka, daktari akaitwa. Chuchu ya nyuma upande wa kulia hutoa kidogo kuliko zile tatu. Akikamuliwa na mgeni hupiga teke.

Swali la yule bwana tunaulizwa karibu kila wiki, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu.

Kadi hizi hatukuzianza kwa wema. Zilianza baada ya kosa letu wenyewe. Miaka michache nyuma tulinunua ng'ombe kwa dalali, tukamkalisha siku nne, tukamuuza kwa mama mmoja wa Muheza aliyekuja na pesa za kikoba zimefungwa kwenye pindo la kanga. Chuchu moja tuliiona ngumu kidogo. Hatukumuuliza dalali, na kwa vile hatukuuliza tukajiambia kwamba hatujui. Wiki ya kwanza chuchu ile ikatoa maziwa ya mabonge, wiki ya pili ikafa. Mama hakugombana. Alipiga simu akasema tu, "Mwanangu, kumbe mlikuwa mnajua." Tulimrudishia pesa yake na nauli ya gari, ng'ombe tukabaki naye. Waliosoma fiqhi wanajua kwamba aibu ni kasoro ya bidhaa. Sisi wa mtaani aibu twaijua kwa maana ya fedheha. Siku ile nilizipata zote mbili.

Sasa tuje kwenye maradhi. Naanza na ndigana kali, kwa sababu ndiyo wateja wakiiona kwenye kadi hurudi nyuma, na mara nyingi wanarudi nyuma bure.

Ndigana kali huletwa na kupe wa kahawia, yule anayependa kujificha kwenye masikio. Ng'ombe hupanda homa, tezi za chini ya sikio na mbele ya bega huvimba, na akicheleweshwa mapafu hujaa maji, anahema kwa shida na kutoa povu puani. Huko akifika, kumrudisha ni kazi ngumu. Lakini akidungwa dawa yake siku za mwanzo hupona, na aliyepona hubaki na kinga. Kwa mtu wa Tanga, ambako joto na majani ya mvua vinawalea kupe mwaka mzima, ng'ombe aliyewahi kuugua akapona vizuri anaweza kuwa mnunuo mzuri kuliko mtamba, jike ambaye bado hajazaa, anayeng'aa na hajawahi kuguswa na kupe. Huyo wa pili, aliyekulia ndani ya banda huko milimani kwa majani ya kukatiwa, ukimleta Mkinga au Pangani ukamwachia achunge, kupe wanaanza naye siku hiyo hiyo. Ataonekana mzima wiki mbili hivi. Halafu ataanguka, na wewe utasema umeuziwa mgonjwa, kumbe uliuziwa mzima asiye na kinga. Ndiyo maana tunaandika alikokulia, ameogeshwa dawa ya kupe mara ngapi kwa mwezi, na kama amepata chanjo ya ndigana kali. Chanjo hiyo hutolewa mara moja, ikiambatana na sindano ya dawa ya kudumu muda mrefu, na kwa kawaida ng'ombe huvishwa heleni. Akija bila heleni na bila karatasi tunaandika "hajulikani", hata muuzaji akiapa.

Kwa hiyo kwa Tausi, kwa habari ya ndigana hatukupunguza hata shilingi. Kwa ile chuchu tulipunguza laki mbili na nusu.

Kiwele ndiko uongo mwingi unakofanyika, na ni uongo wa zamani sana. Muuzaji anaambiwa mteja atakuja saa nne asubuhi. Alfajiri hakamui. Mteja akifika anakuta kiwele kimefura kama mpira, anahesabu lita kichwani, anatoa pesa. Mtume (S.A.W.) alishalikataza jambo hili kwa ngamia na kondoo, na aliyenunua mnyama wa namna hiyo akapewa hiari ya siku tatu: akiridhika abaki naye, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende. Tende hatuna, lakini siku tatu tumeziweka. Na kabla ya hapo tunakutaka uje ukamue mwenyewe jioni, kisha urudi kesho yake alfajiri ukamue tena, ndoo yako na mikono yako. Hesabu ya lita ifanye kwa mikamuo yote miwili.

Kipimo cha kiwele tunakifanya mbele yako. Ni kisahani chenye vikombe vinne, kila chuchu na kikombe chake. Unakamua kidogo, unatia dawa, unazungusha. Maziwa yakibaki mepesi, salama. Yakivuta kama mlenda, chuchu ile ina ugonjwa hata kama kwa macho huoni uvimbe wala mabonge. Ugonjwa huu uliojificha ndio unaokula faida yako polepole, kwa sababu ng'ombe anakula pumba na mashudu yale yale huku maziwa yakipungua bila wewe kujua sababu. Na kama ng'ombe alitibiwa karibuni kwa dawa za kuua vijidudu tunaandika dawa gani na tarehe gani, ili usipeleke maziwa kwenye kituo cha kukusanyia kabla siku zilizoandikwa kwenye chupa hazijaisha.

Uzazi una maneno mawili ambayo madalali huyachanganya makusudi: "amepandishwa" na "ana mimba". Amepandishwa maana yake mhimilishaji, yule anayepandisha kwa mbegu bila dume, alikuja, au dume lilikuja, basi. Ana mimba maana yake daktari amepima akaikuta. Kadi yetu inayatenganisha. Ng'ombe asiposhika mimba hurudi joto, yaani hutaka dume tena, baada ya siku 21 hivi, na kila duru inayopita ni wiki tatu za kumlisha bila kusogea popote. Tunaandika alihimilishwa mara ngapi kabla ya kushika. Aliyeshika mara ya kwanza au ya pili, vizuri. Aliyehimilishwa mara nne, utaambiwa mara nne, na uamuzi ni wako.

Na mtamba aliyezaliwa pacha na dume hatumuuzi kwa ajili ya maziwa kabisa. Zaidi ya tisa katika kila kumi wa namna hiyo hawazai, kwa kuwa wakiwa tumboni damu zao huchanganyika na vichocheo vya yule dume huharibu kizazi cha jike. Kwa nje anapendeza sana, mnene, ngozi laini. Nimewahi kumwona mmoja akiuzwa mnadani kwa bei ya mtamba bora, na aliyenunua alikuwa anachekelea.

Kuna ugonjwa mmoja ambao hatuupunguzii bei, maana ng'ombe mwenyewe hatoki bandani kwetu kwenda kufugwa kwa mtu. Ni ule wa kutupa mimba, brusela. Ng'ombe akitupa mimba kwenye miezi ya mwisho, usiishike ile ndama wala kondo kwa mikono mitupu, kwa sababu ugonjwa huu humwingia binadamu, na pia kwa maziwa mabichi. Mtu hupata homa inayokuja na kuondoka na maumivu ya viungo, akanywa dawa za malaria mwezi mzima bila nafuu. Kipimo cha damu chake ni rahisi na majibu yake ni ya dakika chache. Hapa pia kadi ina kazi: ng'ombe aliyechanjwa brusela anaweza kuonyesha majibu ya mgonjwa wakati si mgonjwa, kwa hiyo daktari lazima ajue historia ya chanjo kabla ya kuhukumu.

Rafiki yangu mmoja mwanasheria, tukinywa kahawa Ngamiani, alinichekesha kwa habari ya farasi. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, imefuata kwa karibu ile ya India ya mwaka 1872, na katika ile ya India mna mifano. Mtu anauza farasi mnadani akijua ni mbovu, ananyamaza: huo si udanganyifu. Lakini mnunuzi akiwa binti yake aliyetoka tu utotoni, baba analazimika kumwambia. Na mnunuzi akisema, "Usipokanusha nitamchukulia kuwa mzima," muuzaji akinyamaza, kunyamaza kwake ni sawa na kusema. Farasi kwetu Tanga ni wa kutafuta kwa tochi, lakini nilichukua somo langu, na nakupa na wewe: unaponunua ng'ombe popote, si kwetu tu, uliza kwa sauti, mbele ya shahidi. "Amewahi kutupa mimba? Chuchu zote nne zinatoa? Usiponiambia nitajua ni mzima." Muuzaji mkweli hatakasirika. Sisi tumeamua kila mteja ni yule binti, kwa hiyo hata usipouliza utasomewa.

Kwa anayetaka kutuuzia ng'ombe, utaratibu ni huo huo. Tunakukalisha, tunakuuliza, tunaandika, unatia sahihi. Ukituambia kasoro tunapunguza bei kwa kiasi cha kasoro. Ukituficha tukaigundua ndani ya wiki mbili, ng'ombe anarudi kwako na gari ni juu yako. Wengine wamekasirika wakaondoka. Mzee mmoja wa Korogwe alitutajia hata mafua ya ndama wa mwaka ule, na sasa ng'ombe wake tunawachukua karibu bila kupima, ingawa tunapima.

Kibali cha kusafirisha mifugo tunashughulikia sisi kwa afisa mifugo, na nakala ya kadi inapanda gari pamoja na ng'ombe.

Yule bwana wa Maramba alirudi Jumapili jioni na mkewe, maana mkamuaji ni yeye. Shemeji alikunja kanga, akakaa kwenye kigoda, akaweka ndoo. Tausi akamtazama kidogo, akaipiga teke, ndoo ikaenda hadi ukutani.

Akamgeukia mumewe. "Na hili wameliandika?"

"Wameliandika."

"Basi lipa," akasema, akaenda kuifuata ndoo.