Kabla hujatuletea lenzi ndefu, tazama nyasi kwenye picha zako

Kila baada ya mechi ya wikendi pale Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, lalamiko linalofika kwenye kaunta yetu ya kutengeneza kamera ni moja: "Fundi, lenzi yangu imekufa, picha zote hazina ukali." Wengine wametoka kupiga picha za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, wengine bonanza pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na wapo wanaopanda basi kutoka Manyoni na Singida na mabegi yao. Karibuni sana, ndiyo kazi yetu. Lakini nyingi ya lenzi hizo tukizipima tunazikuta nzima, na hatupendi mteja alipe nauli na kukaa bila kifaa chake kwa tatizo ambalo picha yenyewe ilishaonyesha.

Fungua picha kwenye kompyuta, ikuze hadi asilimia 100, kisha mwache mchezaji kwanza. Angalia nyasi. Iwe picha iliyotoka kwenye kadi, tafadhali, maana iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshapunguzwa na haisemi lolote kuhusu lenzi. Ukitaka kututumia picha tuitazame, itume kama dokumenti.

Ukikuta mchezaji hana ukali lakini nyasi za mbele yake au za nyuma yake zimetoka vizuri, kila jani linaonekana, basi vioo vya lenzi havina kosa kubwa. Fokasi imeangukia mahali pengine. Na kwa lenzi ndefu, kukosea ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chukua lenzi ya milimita 400 iliyofunguliwa f/2.8, yaani tundu lake likiwa pana, kwenye kamera ya fremu kamili (yenye sensa kubwa, kile kipande kinachopokea picha), na mchezaji aliye mita 20 kutoka ulipo. Sehemu itakayotoka kali, kuanzia mbele hadi nyuma, ni kama sentimita 40 tu. Winga anayekuja upande wako kwa kasi ya mita 8 kwa sekunde anazimaliza hizo sentimita 40 kwa sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Kama kamera ilifunga fokasi ikatulia, yeye ameshapita.

Ndiyo maana swali letu la kwanza kwa mteja huwa ni hili: kamera iko kwenye mfumo gani wa fokasi? Kwenye Canon, One Shot, inayofunga fokasi mara moja na kutulia, ni ya harusi na picha za pasipoti. Mpira unataka AI Servo, ambayo kwenye Canon mpya zisizo na kioo ndani (mirrorless) imeandikwa Servo tu. Kwenye Nikon na Sony, hama AF-S uende AF-C. Hapo kamera inaendelea kumfuata mchezaji muda wote unapobonyeza. Kisha punguza ukubwa wa eneo la fokasi. Ukiiachia kamera ichague yenyewe kwenye fremu nzima, mara nyingi itakamata mabango ya matangazo yaliyo nyuma, yenye maandishi makubwa na rangi kali, imwache mchezaji mwenye jezi ya rangi moja. Weka kundi dogo la pointi kifuani mwake, na anza kumfuata kabla mpira haujamfikia. Anayebonyeza pale mguu unapogusa mpira amechelewa, kamera haijapata nafasi ya kusoma mwendo.

Angalia pia swichi zilizo ubavuni mwa lenzi. Begi likibana, swichi ya AF, yaani fokasi ya kamera yenyewe, inaweza kusogea ikakaa M, fokasi ya mkono, bila wewe kujua. Na kama lenzi yako ina swichi ya kuweka mpaka wa umbali, iweke upande wa mbali, ili isihangaike kutafuta fokasi kuanzia mita 2 kila inapompoteza mtu.

Hali ya pili: nyasi ni kali kabisa, lakini miguu, mikono na mpira vimeburuzika. Hiyo ni kasi ya shata, lile pazia linalofunguka kupitisha mwanga. Mchezaji yule yule wa mita 8 kwa sekunde, akipita mbele yako ukiwa kwenye 1/250 ya sekunde, anasogea zaidi ya sentimita 3 wakati shata iko wazi. Kwenye 1/1600 anasogea nusu sentimita. Tunawashauri wateja wetu wa mpira wasishuke chini ya 1/1000, na ikiwezekana wakae 1/1600. Wengi wanaogopa kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, wanang'ang'ania 100 kwa hofu ya chenga, zile nukta nukta kwenye picha. Kwa jua la Dodoma la saa kumi jioni, f/5.6 na ISO 400 zinakupa 1/1600 bila shida. Kivuli cha jukwaa kikishafunika uwanja, panda 1600, panda 3200, usione vibaya. Chenga mhariri anaweza kuzipunguza. Sura iliyoburuzika hairudi.

Kama nyasi na watu wote wamevutika kuelekea upande mmoja, ni mkono wako uliotikisika. Tafuta stendi ya mguu mmoja, itakusaidia kuliko lenzi mpya.

Sasa hili la hapa kwetu, ambalo linawatesa watu na hakuna fundi wa kulitibu. Picha haina ukali popote, haijavutika upande wowote, na ukizipitisha haraka picha kumi zilizopigwa mfululizo unaona mlingoti wa goli umepinda kidogo, tena kila picha umepinda kivyake. Hiyo ni hewa. Ardhi ikishachomwa na jua, hewa ya chini inapata joto na kupanda bila mpangilio, na mwanga unaopita ndani yake unapindapinda. Ni joto lile lile linaloleta mazigazi kwenye lami ukielekea Manyoni mchana. Jicho linazoea, lakini lenzi ya milimita 500 inalikuza pamoja na mchezaji. Kuanzia Septemba hadi mvua zinapoanza ndipo tunaziona zaidi picha za namna hii, na viwanja vya vumbi au vya nyasi bandia ni vibaya zaidi kwa sababu vinashika joto kuliko nyasi hai.

Kupandisha shata hakutoi dawa, wala kununua lenzi ya bei kubwa. Dawa ni kupunguza hewa iliyo kati yako na mchezaji: kaa karibu na goli moja, piga yanayotokea upande wako, acha ya goli la mbali yapite. Mechi ya asubuhi au ile inayoendelea jua likiwa limeshalala itakupa picha tofauti kabisa kwa kamera ile ile. Na kamera iliyokaa ndani ya gari lililofungwa juani usianze nayo kazi papo hapo. Iache kivulini kwanza, maana hewa ya moto iliyo ndani ya kofia ya lenzi, ile ya kuzuia jua, inatosha kuharibu picha.

Zipo hitilafu zinazotuhusu kweli. Kama fokasi inakosea upande ule ule kila mara, hata kwa mtu aliyesimama, jaribu hivi asubuhi kabla jua halijakolea. Funga kamera kwenye tripodi, bandika gazeti ukutani, simama umbali wa mara 50 ya urefu wa lenzi: mita 10 kwa lenzi ya milimita 200, mita 15 kwa ya 300. Piga ukilenga kwa kuchungulia dirisha dogo la kamera, kisha piga ukilenga kwa skrini ya nyuma. Ya skrini ikiwa kali kuliko ya dirishani, kamera na lenzi hazijapatana. Hilo hutokea kwenye DSLR, zile zenye kioo kinachoruka ndani. Zisizo na kioo zinalenga kwa sensa yenyewe. Baadhi ya DSLR zina menyu ya kurekebisha fokasi kwa kila lenzi, na zisizo nayo tunazirekebisha mezani. Zote mbili zikiwa na ukungu, vua filta ya mbele urudie. Filta za bei rahisi zimeshawaponza wengi, hasa kwenye lenzi ndefu.

Kona au upande mmoja wa picha ukiwa na ukungu kila mara, hata kwenye gazeti hilo, lenzi huenda ilianguka na kioo kimoja kimehama. Hiyo ilete, usiifungue mwenyewe. Vumbi chache ndani ya lenzi haziondoi ukali, kwa hiyo usilipe kuisafisha kwa sababu hiyo tu. Kuvu ndiyo ya kuogopa. Hapa kwetu pakavu haioti kirahisi, ila lenzi ya mtumba iliyotoka pwani imulike kwa tochi ya simu kabla hujatoa hela. Ukiona utando kama nyuzi, iache.

Ukija dukani, njoo na kamera pamoja na lenzi, si lenzi peke yake, na usifute kadi: acha picha mbaya zote humo. Kupima hatutozi. Jumatatu foleni huwa ndefu kwa ajili ya mechi za wikendi, ukiweza njoo katikati ya wiki.