"Borrow" na "lend" si neno moja

Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu nikiwa kazini na sijawahi kukuandikia, hata mlipokosea jina la wilaya yetu. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ile safu yenu ya wanafunzi wa Kidato cha Pili imewaambia watoto kwamba "borrow" na "lend" yote ni kuazima, ikaishia hapo.

Ni kweli kuazima kwetu kunabeba pande zote mbili: "nimeazima jembe kwa jirani" na "jirani kaniazima jembe". Hapo ndipo mtoto anapojikwaa, na ndipo mlipotakiwa kumshika mkono. Mngeanzia kwenye kukopa na kukopesha angeelewa mara moja. "Borrow" ni ya anayepokea, kinafuata kitu, kisha "from" na mwenye mali: "I borrowed a hoe from Asha." "Lend" ni ya mwenye mali, na inakubali mtu atajwe kabla ya kitu: "Asha lent me a hoe." Wakati uliopita ni "lent", si "lended". "Borrow me your pen", niliyoisikia darasani miaka 31, si Kiingereza sanifu, kwa kuwa "borrow" haimpokei mtu namna hiyo.

Msidhani haya yanaishia ubaoni. Dada yangu, mjane, alimkopesha jirani shilingi 400,000 alizoweka kwa ajili ya ada ya mtoto. Kijana mmoja msomi akawaandikia karatasi kwa Kiingereza, akaandika kwamba dada "has borrowed" jirani fedha hizo. Jirani alipogoma kulipa tukaenda kwa wazee wa mtaa. Mzee mmoja anayekijua Kiingereza akaisoma karatasi mara mbili, akasema mdaiwa hapa ni huyu mama. Nilikuwa nimekaa pale, mwalimu mzima, sina la kumjibu, maana alisoma sawasawa. Dada alitoka akilia. Hajalipwa hata senti moja mpaka leo, na mtoto alirudishwa nyumbani muhula ule.

Na kwa nini karatasi ya majirani wawili wanaoongea Kiswahili iandikwe kwa Kiingereza? Sheria ilibadilishwa mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Bado akina mama wanaletewa fomu za mikopo za Kiingereza na kuonyeshwa tu pa kuweka dole gumba.

Naomba wiki ijayo, ukurasa uleule na kwa herufi za ukubwa uleule, mchape masahihisho yenye mchoro: mikono miwili na peni moja. Peni ikiingia mkononi mwangu, "borrow from". Ikitoka, "lend to". Chini yake wekeni sentensi nne kamili, kila moja ikitaja mtoaji na mpokeaji kwa jina, ili walimu waikate na kuibandika ukutani kabla ya mitihani.

Mwalimu mstaafu wa Kiingereza,
Korogwe